Nimefundisha Danieli na Ufunuo miaka 14. Sasa najiuliza: unabii unasema habari za mataifa au za moyo wangu?

#1 Taa ya Usiku (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Hili limeninyima usingizi, nimeona nilimwage hapa.

Nimeongoza madarasa ya Danieli na Ufunuo kwa miaka 14. Chati ya ile sanamu aliyoiota mfalme Nebukadreza nimechora mwenyewe: kichwa cha dhahabu ni Babeli, kifua na mikono ya fedha ni Umedi na Uajemi, tumbo na viuno vya shaba ni Uyunani, miguu ya chuma ni Rumi, nyayo za chuma na udongo ni falme zilizogawanyika. Naweza kuzieleza nikiwa nimefumba macho.

Mwezi uliopita nilikuwa naandaa somo la Danieli 2. Nikapitiliza hadi sura ya 3. Sikuwa na sababu, macho yaliteleza tu. Nikakutana na Nebukadreza ambaye ametoka kuelezwa ndoto yake na Danieli mwenyewe. Tafsiri ni sahihi, haina hitilafu. Ameanguka kifudifudi, amekiri kwamba Mungu wa Danieli ni Mungu wa miungu. Halafu mstari wa kwanza wa sura inayofuata anasimamisha sanamu yake mwenyewe, urefu mikono sitini, na hii ni dhahabu tupu. Aliambiwa yeye ni kichwa cha dhahabu, akataka kuwa dhahabu mpaka unyayo.

Nikaweka kalamu chini. Kumbe mtu anaweza kupewa maana kamili ya unabii na asisogee hata hatua moja. Mimi na mdogo wangu hatujasemezana tangu tulipomzika baba, mwaka wa 3 huu, kwa maneno yaliyotoka siku ile. Katika miaka hiyo 3 nimefundisha Ufunuo mara 2, mwanzo hadi mwisho, na watu wakanishukuru.

Swali langu: je, ni halali kuusoma unabii kama njia ya kugeuzwa moyo? Sanamu, mifupa mikavu, Babeli, Yerusalemu mpya, vyote viwe mambo yanayotokea ndani ya mtu? Au nikisoma hivyo nitakuwa naikwepa maana yenyewe?

#2 Kengele

Ngoja waje wajuzi. Nimekaa mbele kabisa.

#3 Mwana wa Beroya

Mtoa mada, pole kwa ya mdogo wako, na nakuombea mpatane. Ila usichanganye mambo mawili. Danieli 2:28 inasema wazi kwamba mfalme ameonyeshwa mambo yatakayokuwa siku za mwisho. Ni habari za falme, zina majina, zina mfuatano. Kosa la Nebukadreza kutobadilika halifanyi ndoto iwe habari ya nafsi yake.

Na tuna onyo: "hakuna unabii katika maandiko upatao kufasiriwa kama apendavyo mtu fulani tu" (2 Petro 1:20). Leo wewe utasema Babeli ni kiburi chako. Kesho mwingine atasema Babeli ni mama mkwe wake. Nani atamkatalia, na kwa kipimo gani? Historia ndiyo breki. Ukiitoa, gari linashuka mlima peke yake.

#4 Kisima Kirefu

Ndugu yangu Beroya, umenukuu mstari wa 20 ukaruka wa 19 ambao umekaa juu yake. Pale Petro analiita neno la unabii taa ing'aayo mahali penye giza, "mpaka kutakapopambazuka, na nyota ya asubuhi kuzuka mioyoni mwenu". Mioyoni! Hakusema kwenye ramani wala kwenye chati. Mistari hii miwili ni majirani, kila mmoja amebeba upande wa hoja hii, na Petro hakuona shida kuiweka pamoja.

Mtoa mada, hujazua kitu kipya. Katika yale mahubiri ya kale yanayobeba jina la Makario, ya karne ya 4, hubiri la kwanza kabisa linaanza na maono ya Ezekieli kando ya mto Kebari: viumbe hai wanne, magurudumu, kiti cha enzi. Mhubiri anasema nabii aliona siri ya nafsi ambayo itampokea Bwana wake na kuwa kiti cha utukufu wake. Wale viumbe wanne anawalinganisha na nguvu zinazoiongoza nafsi: nia, dhamiri, akili na uwezo wa kupenda. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisimama nikazunguka chumba. Nilikuwa nimezoea kuhesabu mabawa.

Halafu kuna mtawa Yohana Kasiano, mwanzoni mwa karne ya 5. Anachukua neno Yerusalemu na kulipa maana nne kwa pamoja: kihistoria ni mji wa Wayahudi, kimfano ni Kanisa, kwa upande wa mwenendo ni nafsi ya mtu, na kwa upande wa mambo ya mwisho ni mji wa mbinguni. Nne kwa wakati mmoja, hakuna inayomfukuza mwenzake. Sisi ndio tumekuja kulazimisha kuchagua.

#5 Nukta Mbili

Marekebisho madogo kabla uzi haujaenda mbali.

Mtoa mada ameandika "sanamu yake mwenyewe". Danieli 3 haisemi sanamu ilikuwa na sura ya nani. Inasema tu ni ya dhahabu, urefu mikono 60, upana mikono 6, katika uwanda wa Dura. Kwamba ni sura ya mfalme ni dhana ya wafasiri, huenda ni kweli, lakini haimo.

La pili, "ametoka kuelezwa". Ndoto ya sura ya 2 ni mwaka wa 2 wa kutawala kwake. Sura ya 3 katika Kiebrania na Kiaramu haina tarehe, lakini tafsiri ya kale ya Kiyunani inaiweka mwaka wa 18. Kwa hesabu hiyo kuna miaka 16 katikati.

#6 Taa ya Usiku (mtoa mada)

Asante Nukta, nimepokea. Nitaacha kusema "yake mwenyewe" darasani.

Ila hiyo miaka 16 imeniumiza zaidi ya nilivyokuwa. Nilidhani alisahau kwa sababu ya haraka. Kumbe kama Kiyunani kiko sawa, alikuwa na miaka 16 ya kuyatafakari aliyoambiwa. Mimi nina 14.

#7 Jembe la Konde

Mimi napinga wote wawili, Beroya na Kisima.

Beroya anaupeleka unabii mbali kwa wakati. Kisima anaupeleka ndani mno. Manabii wenyewe walikuwa wanasema na watu, kwa wingi, hapohapo. Chukueni mifupa mikavu ya Ezekieli 37 ambayo mtoa mada ameitaja. Haihitaji kubahatisha, maana mstari wa 11 unatoa tafsiri: "mifupa hii ni nyumba yote ya Israeli". Ni taifa lililohamishwa, limevunjika, linasema matumaini yetu yametupotea. Ukija wewe ukasema ile mifupa ni maisha yako ya maombi yaliyopoa, umechukua kilio cha watu waliopoteza mji, hekalu na watoto, ukakifanya kioo cha kujitazamia.

Hata moyo mpya wa Ezekieli 36:26: "Nami nitawapa ninyi moyo mpya". Ninyi. Ni ahadi kwa jamii. Na kinachofuata ni nini? Kurudi kwenye nchi, miji kukaliwa, mahali palipokuwa ukiwa kulimwa. Moyo mpya una mashamba ndani yake.

Amosi alipowakuta watu wanaoitamani siku ya Bwana aliwaambia siku hiyo ni giza, si nuru. Na tatizo alikuwa amelieleza: hukumu imegeuzwa kuwa uchungu, maskini wanakanyagwa langoni, pale kesi zilipoamuliwa. Sasa mtu aliyekanyagwa langoni umwambie "lango ni ishara ya moyo wako"? Atakutazama tu.

#8 Kengele

Jembe leo umekuja umenolewa. "Moyo mpya una mashamba ndani yake" nimeiandika kwenye daftari.

#9 Mama Tumaini

Nimekuwa nasoma kimyakimya, ila hapa lazima niseme.

Nilikaa miaka 5 katika kikundi kilichosoma unabii wote kwa ndani. Mwanzoni kilikuwa kama maji. Nilitoka kwenye hofu ya mihuri na baragumu, nikaambiwa haya yote ni safari ya nafsi, nikalala vizuri mara ya kwanza tangu utotoni. Sitasahau wema huo na sitaukana.

Kisha nikaugua. Ugonjwa wa mwili, una jina, una dawa. Kiongozi wetu akaniambia kuna Yezebeli ndani yangu sijamtupa chini, ndiyo maana nimetupwa kitandani, akanisomea Ufunuo 2:22, barua kwa kanisa la Thiatira. Nikafunga, nikatubu, nikachimba kila kona ya moyo wangu kumtafuta huyo Yezebeli. Nilipojifungua mtoto akafariki, nikaambiwa nisome mstari wa 23. Nendeni mkausome muone unasema nini juu ya watoto.

Ukiufanya unabii wote uwe ndani, basi na hukumu yote inahamia ndani, na mtu dhaifu ndiye anayebebeshwa. Zile barua saba ziliandikwa kwa makanisa. Thiatira palikuwa na mafundisho fulani na watu waliyoyavumilia. Hapakuwa na habari ya mimba yangu. Ile historia ambayo Beroya anaiita breki, mimi niliihitaji sana siku ile na hapakuwa na mtu wa kunipa.

Sisemi msisome hivyo. Nasema anayemsomea mwenzake na anayejisomea hawafanyi kitu kimoja.

#10 Mwana wa Beroya

Mama Tumaini, pole sana dada yangu. Sina la kuongeza. Mungu akufariji.

#11 Taa ya Usiku (mtoa mada)

Mama, nimesoma mara mbili nikashindwa kuendelea na kazi. Pole. Nitarudi baadaye.

#12 Mzee wa Barua

Wanangu, amani. Mimi ni mchungaji niliyestaafu, macho yananisumbua, mtanisamehe nikikosea herufi.

Kwanza Mama Tumaini. Ulitendewa vibaya, mwanangu. Nathani alipomwendea Daudi akamwambia "Wewe ndiwe mtu huyo", alimwambia mfalme, mwenye jeshi, aliyeua. Nendeni 2 Samweli 12 muone kidole cha nabii kinaelekea wapi. Kinapanda juu. Hakuna mahali Nathani anamwendea mjane wa Uria na mfano wake wa kondoo. Mtu akichukua kidole hicho akakielekeza kwa mgonjwa kitandani, amekipindua.

Sasa swali la mtoa mada. Nadhani mnagombana juu ya unabii unasema *habari za nani*, wakati kuna swali jingine: unabii unataka *kufanya nini*. Twende kwa Yona. Hubiri lake Ninawi ni maneno matano tu katika Kiebrania. Kwa tafsiri yetu: baada ya siku arobaini Ninawi utaangamizwa. Siku arobaini zikapita, mji haukuangamizwa. Je, Yona alikuwa nabii wa uongo? Kwa kipimo cha Kumbukumbu 18:22, nabii anatambulika kwa neno lake kutimia.

Hapo ndipo lugha inapendeza. Neno lililotafsiriwa "utaangamizwa" linatokana na kitenzi *hafak*, kupindua, kugeuza. Ndicho kilichotumika Mungu alipoipindua Sodoma. Lakini ni kitenzi hichohicho Samweli anachomwambia Sauli katika 1 Samweli 10:6, kwamba roho ya Bwana itamjilia "nawe utageuzwa kuwa mtu mwingine". Na mistari mitatu mbele, Mungu akamgeuzia Sauli moyo mwingine: ni hafak tena. Kwa hiyo Yona alitangaza: siku arobaini zaidi, Ninawi utapinduliwa. Na ulipinduliwa! Kuanzia mfalme aliyeshuka kwenye kiti chake hadi wanyama waliovikwa magunia. Marabi wa kale waliliona hili wakalisema. Neno lilikuwa na milango miwili, na watu wa Ninawi wakachagua wa kupitia.

Yeremia 18 inaeleza kanuni yenyewe: nikitangaza kung'oa taifa, taifa hilo likigeuka, nami nitaghairi. Unabii mwingi wa hukumu unatamani usitimie.

#13 Kengele

Mzee, kumbe Kiebrania unacho siku zote hizi ukawa unatusalimia tu na kuondoka!

#14 Nukta Mbili

Mzee yuko sahihi kuhusu maneno matano na kuhusu kitenzi. Naongeza kwamba 1 Samweli 10:9 linasema "moyo mwingine", lakini mtumie Sauli kwa tahadhari kama mfano wa kugeuzwa. Mnajua alivyoishia.

#15 Mzee wa Barua

Najua, mwanangu. Na hilo nalo ni somo, ila nitachoka.

#16 Msafiri wa Aya

Asalaam alaykum wote. Mimi ni Mwislamu, napita, naomba nichangie kidogo kwa sababu Yona mnayemtaja ni Nabii Yunus kwetu.

Sura inayobeba jina lake, aya ya 98, inawataja watu wa Yunus kuwa ndio mji ulioamini na imani ikaufaa, wakaondolewa adhabu ya hizaya katika maisha ya dunia. Kwa hiyo alilosema Mzee, kwamba onyo lilitoka likawageuza watu na adhabu ikaondoka, si geni kwetu.

Na mjadala wenu wa nje na ndani ni mzee kwetu pia. Tunauita zahiri na batini. Walikuwapo waliosema batini ndiyo maana yenyewe, zahiri ni ganda, wakatupa ganda. Ghazali, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1111, aliandika kuwapinga vikali, na huyohuyo ndiye aliyeandika kwa kirefu mno juu ya maradhi ya moyo na tiba yake. Nilichojifunza kwa walimu wangu ni kwamba batini inayoivunja zahiri haikubaliki. Ukiambiwa aya ya sala maana yake ya ndani ni utulivu wa moyo, sawa, lakini simama uswali.

Dada Mama Tumaini, Mungu akupe subira njema.

#17 Kisima Kirefu

Ahsante Msafiri. Nimekubali kwamba niliandika kwa furaha kupita kiasi kule juu. Jembe pia ana hoja juu ya Ezekieli 37:11, siwezi kuikwepa.

Lakini Jembe, nikuulize. Yesu mwenyewe katika Luka 17:21 anasema "ufalme wa Mungu umo ndani yenu". Kama ufalme, ambao ndio lile jiwe la Danieli 2 lililochongwa bila mikono, umo ndani, basi jiwe linaiponda sanamu wapi?

#18 Jembe la Konde

Aliwaambia nani?

#19 Kisima Kirefu

Wanafunzi.

#20 Nukta Mbili

Hapana. Mstari wa 20: aliulizwa na Mafarisayo, akawajibu hao. Kwa wanafunzi anageukia mstari wa 22.

Na neno la Kiyunani pale, *entos*, linabishaniwa: ndani yenu, au katikati yenu. Ndiyo maana tafsiri nyingine zinasema ufalme uko kati yenu. Kama wasikilizaji ni Mafarisayo waliompinga, "katikati yenu" ina uzito: mfalme amesimama mbele yao wakati wanauliza atakuja lini.

#21 Kisima Kirefu

Nimekosea kuhusu wanafunzi. Nimeshika.

Ingawa "ndani yenu" kwa Mafarisayo inanigusa zaidi kuliko kwa wanafunzi, sijui kwa nini. Kwamba hata mpinzani anao.

#22 Mwana wa Beroya

Turudi kwenye mada. Nimewasikia. Kwamba unabii unapaswa kumbadilisha msomaji nakubali asilimia mia, Ufunuo 1:3 inawaita heri wanaosoma, wanaosikia *na kuyashika* yaliyoandikwa humo. Huwezi kushika tarehe, unashika neno. Lakini badiliko langu linatoka wapi? Linatoka katika kuamini kwamba Mungu alisema falme zitapita na zikapita kweli. Babeli ilianguka mwaka 539 kabla ya Kristo. Hilo linanipa ujasiri wa kusimama mbele ya tanuru, kama wale watatu wa Danieli 3 waliokataa kuisujudia sanamu. Ukiniambia Babeli ni hali ya nafsi, tanuru nalo ni hali ya nafsi, sasa nisimame wapi? Ni kwa sababu zahiri ni kweli ndiyo maana batini ina nguvu. Namshukuru Msafiri kwa maneno hayo mawili.

Na hesabu za kinabii zina faida yake. Zinamfundisha mtu kwamba Mungu ana utaratibu.

#23 Nukta Mbili

Kuhusu hesabu, naomba tuwe waangalifu. William Miller kule Marekani alichukua siku 2,300 za Danieli 8:14, akahesabu kila siku kuwa mwaka kwa kufuata Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6, akaanzia mwaka 457 kabla ya Kristo, akafika 1843. Alisema Kristo angerudi kati ya Machi 1843 na Machi 1844. Baadaye ikaonekana kwamba hakuna mwaka sifuri kati ya 1 kabla ya Kristo na 1 baada ya Kristo, kwa hiyo hesabu ilipungukiwa mwaka. Wafuasi wakaishia kwenye tarehe 22 Oktoba 1844. Siku ikapita. Wengine walikuwa wameacha mavuno shambani. Walilia mpaka alfajiri.

Walioendelea baada ya hapo walipita njia tofauti. Wako waliosema tarehe ilikosewa. Wako waliosema tarehe ni sahihi ila tukio lilikuwa mbinguni, katika patakatifu pa huko, na imani hiyo inaishi hadi leo. Wako pia waliosema Kristo alikuja kweli, ila kiroho, ndani ya mioyo yao. Yaani kila hoja iliyomo kwenye uzi huu ilitokea kwa watu hao ndani ya muda mfupi, na ilitoka kwenye maumivu.

Hilo ndilo linanifanya nisiwe upande wowote. Wakati mwingine tafsiri ya ndani inazaliwa kwa sababu ya nje imeshindwa na hatutaki kukiri.

#24 Taa ya Usiku (mtoa mada)

Nukta, hiyo sentensi ya mwisho imenipata. Nimejiuliza tangu jana kama ndicho ninachofanya. Nina chati za mwaka wangu wa kwanza na wa pili ambazo siwaonyeshi wanafunzi tena, kwa sababu niliandika mataifa fulani kwenye vidole vya sanamu na mambo hayakwenda hivyo. Nikafuta nikaandika mengine. Sikuwahi kuwaambia.

#25 Jembe la Konde

Waambie.

#26 Kengele

Swali la mtu asiye na elimu: hivi "kutabiri" na "unabii" ni kitu kimoja? Kwa sababu mtabiri wa hali ya hewa naye anatabiri, na hajawahi kunibadilisha moyo.

#27 Mzee wa Barua

Kengele, swali lako ni la maana kuliko unavyodhani. Kutoka 7:1 Mungu anamwambia Musa kwamba Haruni ndugu yake atakuwa nabii wake. Je, Haruni alimtabiria Musa mambo yajayo? Hapana, alikuwa kinywa chake. Nabii ni msemaji wa mwingine. Tafsiri yetu ya Union ililiona hilo: fungua 1 Wakorintho 14, hukuti "kutabiri", unakuta "kuhutubu". "Yeye ahutubuye, asema na watu maneno ya kuwajenga, na kuwafariji, na kuwatia moyo." Nilipokuwa kijana nililalamika kwamba watafsiri wamelipunguza neno. Sasa nawaombea heri.

Mambo yajayo yamo, Beroya, sikatai. Lakini kujenga, kufariji na kutia moyo ndiyo kazi iliyotajwa.

#28 Mama Tumaini

Mzee, kwa kipimo hicho, nilichosomewa mimi kitandani hakikuwa unabii kabisa.

#29 Mzee wa Barua

Hakikuwa, mwanangu.

#30 Kisima Kirefu

Naomba nirudi na kitu kimoja nilichokitafuta usiku, kwa ajili ya Jembe hasa.

Papa Gregori Mkuu alihubiri juu ya Ezekieli huko Roma karibu mwaka 593. Sehemu ya pili ya mahubiri yale ni juu ya hekalu la sura ya 40, na analisoma kwa ndani: malango, ngazi, vipimo, vyote ni maisha ya rohoni. Sasa angalia alikuwa wapi. Jeshi la Walombardi lilikuwa linaukaribia mji. Katika hubiri la mwisho anasema hawezi kuendelea, kwa sababu anaona wengine wanarudi wamekatwa mikono, wengine anasikia wametekwa au wameuawa. Akafunga kitabu.

Siku zote nilimsoma kama mwalimu wa mambo ya ndani. Jana nikamwona kama mtu anayepima hekalu lisiloonekana huku kuta za mji wake zikitikisika. Sijui Jembe utamhukumu vipi. Alikuwa anakimbia, au alikuwa anawapa watu mahali pa kusimama?

Na ni yeye, katika mahubiri hayohayo, aliyesema maneno ya Mungu hukua pamoja na anayeyasoma.

#31 Jembe la Konde

Sitamhukumu. Aliwalisha watu wa mji ule pia, hilo linajulikana. Ningependa kujua waliomsikiliza siku ile walisikia nini, lakini hatutajua.

Ezekieli mwenyewe alipata wasikilizaji wa aina fulani. Sura ya 33 mwishoni: wanakuja, wanaketi mbele yake, yeye kwao ni kama wimbo mzuri wa mtu mwenye sauti ipendezayo, wanasikia maneno yake lakini hawayatendi. Hiyo ndiyo hofu yangu na "ndani" yenu. Kwamba inapendeza mno.

Na Isaya 40, kila bonde litainuliwa na kila mlima utashushwa? Luka 3 inaichukua kwa Yohana Mbatizaji. Watu wakamuuliza tufanye nini basi. Hakuwaambia mabonde ni nini. Alisema mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu.

#32 Taa ya Usiku (mtoa mada)

Wakuu, taarifa fupi. Jumapili nililipeleka darasani lile daftari la zamani, lenye vidole vya sanamu na majina niliyofuta. Niliwaonyesha. Mzee mmoja alikasirika akatoka. Wawili walibaki baada ya kipindi wakaniambia nao walikuwa wamejua.

Mdogo wangu nimempigia mara tatu. Simu inaita mpaka inakata. Nimemwandikia ujumbe, sikuweka andiko lolote ndani yake.

Kuhusu swali nililoleta, bado. Asubuhi namwelewa Beroya, jioni namwelewa Kisima, na nikimkumbuka Mama Tumaini naogopa kufungua mdomo.

#33 Mwana wa Beroya

Umefanya vyema kulionyesha lile daftari. Halikuwa jambo jepesi. Msimamo wangu juu ya Danieli 2 uko palepale, lakini ningependa kuja kukaa kwenye darasa lako.

#34 Mzee wa Barua

Mtoa mada, endelea kupiga.

Nimekumbuka jambo kuhusu lile neno hafak, nikaamka kuliandika kabla halijanitoka. Hosea 11:8. Mungu anauliza atamwachaje Efraimu, atamfanyaje kama Adma na Seboimu. Hiyo ni miji iliyopinduliwa pamoja na Sodoma, kwa hiyo msomaji anangoja kile kitenzi kije kiwapate Efraimu. Na kinakuja, katika mstari uleule. Lakini tazameni kinachopinduliwa: "Moyo wangu umegeuka ndani yangu."

#35 Mama Tumaini

Mzee, moyo wa Mungu?

#36 Mzee wa Barua

Ndiyo, mwanangu. Ndani yake.

#37 Mama Tumaini

Ngoja niisome sura yote.